Walio Wachache Waseme kwa Kinywa Gani?

Katika shule moja ya sekondari hapa Himbi, mtaa wa Goma ulio kando ya Ziwa Kivu, mwalimu wa historia alikuwa akifundisha habari za Ulaya baada ya vita kuu ya 1914. Aliandika ubaoni neno moja tu, Trianon, akaeleza kwamba ndilo jina la jumba lililoko Versailles, Ufaransa, ambamo tarehe 4 Juni 1920 Hungaria ilitia sahihi mkataba ulioinyang'anya thuluthi mbili za nchi yake. Wahungaria milioni tatu na zaidi wakajikuta nje ya Hungaria, wengine katika Romania, wengine katika Chekoslovakia, wengine katika ufalme ulioitwa baadaye Yugoslavia. Hawakufunga mizigo. Walilala nchi moja, wakaamka katika nchi nyingine.

Kijana mmoja wa nyuma akanyosha mkono. "Mwalimu, samahani. Mhungaria wa Romania ni raia wa nchi gani?"

"Ni raia wa Romania, mwanangu."

"Lakini lugha yake ni ya ng'ambo, na ndugu zake wako ng'ambo."

"Ndiyo. Lakini babu yake hakutoka nyumbani kwake. Mpaka ndio uliomfuata."

Mwalimu huyo aliniambia kwamba darasa zima lilinyamaza, si kwa sababu ya Wahungaria. Katika madawati yale walikaa mtoto wa Kinande na wa Kihunde, wa Kihutu na wa Kitutsi, Mshi na Mnyanga, na kila mmoja alisikia swali la nyumbani kwao limeulizwa kwa jina la watu wa mbali. Ndiyo maana nimeona vema, ndugu msomaji, tulitazame jambo hili pole pole: watu walio wachache katika nchi, ambao ndugu zao wanakaa upande wa pili wa mpaka, wapate sauti serikalini kwa njia gani? Je, wawe na chama chao wenyewe?

CHAMA CHA WAHUNGARIA

Tuanze na hao wa mbali, maana ya mbali hutazamwa kwa moyo mtulivu zaidi.

Serikali ya kikomunisti ya Romania ilianza kutikisika katika Desemba 1989 mjini Timișoara, watu walipokusanyika kumlinda mchungaji mmoja wa Kiprotestanti, Mhungaria, László Tőkés, asifukuzwe nyumbani mwake. Tarehe 25 Desemba, siku ya Noeli, rais Ceaușescu alipigwa risasi. Siku hiyo hiyo Wahungaria wakaanzisha umoja wao, ujulikanao kwa herufi RMDSZ. Hawakungoja kuona mambo yatakwendaje.

Wala mwanzo haukuwa mwema. Katika Machi 1990, mjini Târgu Mureș, Warumania na Wahungaria walipigana barabarani kwa marungu, na watu wakafa. Ungeweza kudhani kwamba kutoka hapo mambo yangekwenda msituni. Lakini Mei ya mwaka huo huo ulifanyika uchaguzi, chama cha Wahungaria kikapata kura zaidi kidogo ya asilimia 7, kikawa cha pili katika nchi nzima. Tangu hapo kimekuwa kikiingia bungeni kila uchaguzi.

Ni vizuri kufahamu jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi. Sheria ya Romania yataka chama kipate asilimia 5 ya kura zote ndipo kiingie bungeni. Wahungaria, kwa hesabu ya watu ya 2021, walikuwa milioni moja hivi, yaani asilimia 6 ya nchi. Basi tazama: wakigawanyika katika vyama viwili, hawapati hata mbunge mmoja kwa njia hiyo. Wakilala siku ya uchaguzi, vivyo hivyo. Uchache wao wenyewe ndio unaowafunga pamoja, tajiri na maskini, Mkatoliki na Mprotestanti. Na wale walio wachache zaidi yao, makabila madogo yasiyoweza kuifikia asilimia ile, kila moja lililotambuliwa na sheria hupewa kiti kimoja bungeni.

Kwa asilimia 6 huwezi kutawala nchi, lakini waweza kuwa jiwe dogo linaloziba pengo la ukuta. Warumania wenyewe wamegawanyika katika vyama vingi. Mara kwa mara chama kikubwa hukosa wabunge wachache ili kiunde serikali, ndipo humgeukia Mhungaria. Kwa njia hiyo chama hicho kiliingia serikalini kwa mara ya kwanza mwaka 1996, na kimeingia mara nyingi baadaye. Bei yake haikuwa siri. Katika 2001 ilitolewa sheria kwamba, penye wilaya ambamo kabila dogo limefikia asilimia 20 ya wenyeji, watu waweza kutumia lugha yao mbele ya karani wa serikali, na majina ya mahali huandikwa kwa lugha zote mbili. Walidai pia kujitawala wenyewe katika nchi ya Waszekely, ambako Wahungaria ndio wengi. Hilo hawakupewa hata leo. Warumania huliogopa, wakisema leo ni kujitawala, kesho ni kuondoka na ardhi.

Hofu hiyo sisi hapa tunaijua sana.

Lakini jambo moja lilitangulia yote hayo, nalo lisisahauliwe. Septemba 1996, kabla chama hakijaingia serikalini, Hungaria na Romania zilitia sahihi mkataba, tena katika mji ule ule wa Timișoara, na Hungaria ikakubali kwamba mpaka hautaguswa. Wahungaria wengi wa Romania hawakuridhika nao, kwa kuwa haukuwapa kujitawala. Hata hivyo uliwaondolea lile neno baya la kuitwa watu wa jirani waliotumwa. Mrumania akaweza kukaa meza moja na Mhungaria bila kutazama chini ya meza.

MPAKA WETU

Mpaka wa Kongo na Rwanda ulikatwa mezani Brussels mwaka 1910, Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza wakishika kalamu. Hapakuwa na mtu wa Bwisha wala wa Bugoyi aliyeulizwa. Huko Bwisha, katika Rutshuru ya leo, watu wasemao Kinyarwanda walikuwako kabla ya mstari huo. Hao mpaka uliwafuata, kama alivyosema mwalimu wetu.

Wengine walikuja baadaye, na si kwa hiari yao yote. Kati ya 1937 na 1955 Wabelgiji walikuwa na ofisi maalum ya kuwahamisha watu kutoka Rwanda, iliyofahamika kwa herufi MIB. Rwanda ilikuwa na njaa na watu wengi. Masisi ilikuwa na mashamba ya wazungu yaliyotaka mikono. Hesabu itajwayo mara nyingi ni watu 85,000. Katika Gishari walipewa hata utawala wao wenyewe juu ya ardhi ya Wahunde, kisha Wabelgiji wakaufuta mwaka 1957. Baadaye, tangu 1959, wakafika wakimbizi Watutsi waliokimbia mauaji ya Rwanda.

Hapa tusimhukumu Mhunde upesi. Huwa twasema "kabila dogo" tukiwafikiria Wanyarwanda wa Kivu peke yao, kwa kuwa katika Kongo nzima wao ni wachache. Lakini ukipanda Masisi, Mhunde ndiye aliyejikuta mchache katika nchi ya mababu zake, bila kupiga hatua moja. Mwami wake ndiye mwenye ardhi kwa desturi. Walio wengi shambani ni wengine. Basi kila mmoja katika mlima ule ni mchache, na kila mmoja ni wa wengi, kwa kadiri unavyochora duara kubwa au dogo. Wahungaria wa nchi ya Waszekely na Warumania walioko kati yao wangefahamu jambo hili mara moja.

Kisha zikaja sheria. Nitazitaja kwa kufuatana, na msomaji awe na subira, kwa maana katika sheria hizi ndimo ulimo moto wote. Sheria ya uchaguzi ya 1960 iliwaruhusu watu wa Ruanda-Urundi waliokaa Kongo miaka kumi kupiga kura. Katiba ya Luluabourg ya 1964 ikasema Mkongo ni yule ambaye mmoja wa wazee wake alikuwa wa kabila lililokaa Kongo kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Wakati huo Masisi ilikuwa tayari katika vita ya Kanyarwanda. Sheria ya Januari 1972, wakati Barthélemy Bisengimana, mtu wa asili ya Rwanda, alipokuwa mkuu wa ofisi ya Rais Mobutu, ikawafanya raia wote waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Sheria ya Juni 1981 ikaifuta ile, ikarudisha tarehe nyuma hadi 1 Agosti 1885. Mtu aliyelala raia akaamka mgeni, naye hakuhama nyumba.

Mkutano Mkuu wa Taifa wa 1991 na 1992 ulipofanyika Kinshasa, wajumbe wa Wanyarwanda wa Kivu ya Kaskazini hawakupewa nafasi. Machi 1993 mauaji yakaanza sokoni Ntoto katika Walikale, yakaenea Masisi, maelfu wakafa. Julai 1994 wakaingia Goma wakimbizi wa Rwanda wapatao milioni moja, na waliohusika na mauaji ya kimbari wakiwa kati yao wakiwa na silaha zao. Yaliyofuata, vita ya 1996 na vita ya 1998, wazee wa Himbi waliyaona kwa macho yao, sina haja ya kuwasimulia.

Katiba ya 2006, kwa kifungu cha 10, imesema kwamba Mkongo wa asili ni mtu wa makabila ambayo watu wake na nchi yake vilikuwa sehemu ya Kongo wakati wa uhuru. Imesema pia kwamba uraia wa Kongo ni mmoja, wala hauchanganywi na mwingine. Jambo hili la mwisho limewasumbua Wahungaria vilevile. Mwaka 2010 Hungaria iliamua kuwapa uraia ndugu zake walioko nje bila kuwataka wahamie kwake. Romania ikanyamaza, lakini Slovakia ikatoa sheria kwamba raia wake atakayechukua uraia mwingine kwa hiari yake ataupoteza wa kwanza.

CHAMA KILICHOKATAZWA, NA VYAMA VILIVYOPO

Je, Wanyarwanda wa Kivu wangeweza kufanya kama Wahungaria? Sheria ya Kongo ya tarehe 15 Machi 2004 yakataza: chama cha siasa kiwe cha taifa zima, kisijengwe juu ya kabila, ukoo, lugha wala jimbo. Nafahamu shabaha yake. Nchi yenye makabila mamia, kila moja na bendera yake, ingekuwaje? Kifungu cha 51 cha Katiba chaipa Serikali kazi ya kuyalinda makabila yote na walio wachache, na hilo ni jema.

Lakini tuseme kweli. Kila mtu mjini Goma ajua chama gani ni cha kabila gani, ingawa hakuna kilichoandika hivyo mlangoni. Kilichokatazwa kwa jina kimeendelea kuishi bila jina, na kisicho na jina hakiwezi kuulizwa hesabu. Walio wachache kupita wote, Wambuti, hawakupata chama chochote cha jina wala cha siri. Walingoja hadi Julai 2022 ndipo ikatolewa sheria ya kuwalinda.

RCD, iliyoundwa Agosti 1998 na kuwa na makao yake hapa Goma, ilikuwa na watu wa makabila mengi, lakini watu waliiona kuwa mkono wa Rwanda. Azarias Ruberwa, Munyamulenge, alikuwa mmoja wa makamu wanne wa rais katika serikali ya mpito tangu 2003. Katika uchaguzi wa 2006 alipata kura chini ya asilimia 2, na RCD ikapata wabunge 15 kati ya 500. Watutsi wa Kivu wakaona kwamba sanduku la kura, kwa hesabu ya Kongo nzima, lina nafasi ndogo mno kwao. Mwaka ule ule Laurent Nkunda akaanzisha CNDP, akisema kwamba anawalinda Watutsi dhidi ya FDLR, wale Wahutu wenye silaha waliotoka Rwanda. Wako Watutsi wengi ambao hawakumtuma, nao hawakuulizwa.

Hapa hadithi inarudi Himbi. Januari 2008 uliitishwa mjini Goma mkutano mkubwa wa amani wa Kivu zote mbili, katika uwanja wa chuo kikuu cha ULPGL, ambacho kimo katika mtaa wetu. Aliyeuongoza alikuwa padre, marehemu Apollinaire Malu Malu wa Butembo-Beni. Wazee wa makabila, wenye bunduki na akina mama walikaa chini ya hema moja, wakaambiana maneno makali ambayo kwa miaka mingi yalisemwa kwa kisogo. Tarehe 23 Januari vikundi vyenye silaha, CNDP ikiwa kimojawapo, vikatia sahihi. Ilipofika Agosti vita ikarudi; mwisho wa Oktoba CNDP ilikuwa mlangoni pa Goma, na mapema Novemba watu wengi waliuawa Kiwanja.

Nkunda alikamatwa Rwanda Januari 2009. Tarehe 23 Machi mwaka huo, tena mjini Goma, Serikali na CNDP walipatana: askari waingie jeshi la taifa, wakimbizi warudi, na CNDP iwe chama cha siasa. Kwa karatasi, basi, ile bunduki iligeuzwa kuwa chama. Lakini Romania chama kilitangulia, na bunduki haikuwako kamwe. Hapa chama kilizaliwa na askari, nao askari hawakukubali kuwa watoto wa chama. Katika Aprili 2012 waliasi, wakajiita M23 kwa tarehe ya mapatano ambayo walisema hayakutimizwa. Novemba 2012 waliingia Goma, mwaka uliofuata wakashindwa, mwishoni mwa 2021 wakarudi, na mwisho wa Januari 2025 Goma ikaanguka tena mikononi mwao. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza msaada wa Rwanda kwao, Rwanda imekana. Juni 2025 Kongo na Rwanda zilitia sahihi mapatano huko Washington. Kwa Wahungaria mkataba wa majirani wawili ulitangulia, ndugu walio katikati wakapata pumzi. Kwetu umefuata baada ya makaburi.

Na Kenya? Mwaka 1960 makabila madogo, yakiogopa wingi wa Wakikuyu na Waluo, yaliunda KADU chini ya Ronald Ngala, yakadai serikali za majimbo. Novemba 1964 KADU ilijivunja yenyewe ikaingia KANU. Wengine husema ilikuwa busara, wengine kwamba iliuzwa. Wasomali wa kaskazini, ambao chama chao kilitaka kuungana na Somalia, walipata vita hadi 1967. Naona tofauti ni ile ile: mmoja alidai nafasi ndani ya nyumba, mwingine alidai kuihamisha nyumba.

Hesabu ya mwisho ya watu katika Kongo ilifanywa 1984. Hakuna awezaye kusema kwa hakika Wanyarwanda ni wangapi Masisi, wala Wahunde, na kila mmoja hujihesabu kwa hofu yake. Katika uchaguzi wa Desemba 2023, Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kwa sababu ya vita. Huko, mwenye wengi na mwenye wachache wote walikuwa sawa: hawakuwa na mbunge waliyemchagua.

Kijana yule aliyeuliza swali anaishi Himbi kwa babu yake, aliyekimbia kutoka Masisi. Nilikwenda kumsalimu mzee huyo, akanikaribisha uani, penye ukuta wa mawe meusi ya volkano. Kaka wa baba yake alihamishiwa Masisi na Wabelgiji mwaka 1948. Baba yake alifuata 1951, akimshika yeye mkono, mtoto mdogo. Kwa sheria ya 1972, ndugu wawili wa tumbo moja: mmoja raia, mwingine mgeni.

"Mzee," nikamwuliza, "ungependa Wanyarwanda wawe na chama chao?"

Akacheka kidogo. "Mwanangu, chama ni kitu cha mtu ambaye hakuna amwulizaye ametoka wapi."

Akamwita mjukuu wake alete mkebe wa maziwa ya unga. Ndani yake alikuwa ameweka kitabu chake cha utambulisho cha wakati wa Wabelgiji, kadi ya Zaire, na kadi tatu za uchaguzi, maana kwetu kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho cha raia: ya 2005, ya 2011 na ya 2017. Ya 2023 haikuwamo, kwa kuwa walioandikisha watu hawakufika kijijini kwake. Kijana alizipanga mezani, akazitazama picha, kutoka kijana mwenye nywele nyeusi hadi mzee. Kisha akazirudisha mkebeni moja moja, kwa kufuata miaka, akafunika.